Korongo Zimekatazwa Kuruka

Habari kwamba Korongo zimekatazwa kuruka iliingia kilioni kabla ya chai. Iliingia kwa redio ndogo ya jirani mmoja aliyekaa chini ya turubai, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao, na kwa muda hakuna aliyeelewa inawahusu vipi. Mtangazaji alisema ndege moja ya aina hiyo imeanguka katika nchi ya mbali, na waliozitengeneza wameomba zote duniani zilale chini mpaka zichunguzwe. Kisha akaanza kusoma bei ya mafuta.

"Korongo si ndizo zinaendaka Butembo?" akauliza mwenye redio.

Wanaume waligeuka kuutazama mlango wa nyumba. Ndani, juu ya mkeka, Kaswera alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Mume wake Henri, muuza viatu wa Birere, alikuwa katika morgi, chumba cha maiti cha hospitali, na biye yake, tiketi ya kwenda Butembo siku ya Alhamisi, ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia. Jina la Korongo watu wa Goma walizipa ndege hizo wenyewe, kwa ajili ya miguu yake mirefu na myembamba. Tangu vita vilipoifunga barabara ya Rutshuru, ndizo zilizobeba kila kitu kwenda kaskazini: wafanyabiashara, maharusi, dawa, fromage za maziwa ya Masisi, na maiti.

"Hiyo ni moteur," akasema mzee mmoja kwa uhakika, akimaanisha injini. "Moteur za siku hizi ni plastiki tupu."

"Hapana, muzee, ni rubani. Banaendesha wamelala."

"Weye ndege uliiona wapi, ukiacha ile ya kuchora kwenye basi?"

Kicheko kilipita chini ya turubai, kikakumbuka mahali kilipo, kikanyamaza. Lakini mazungumzo hayakuweza kurudi tena kwenye sifa za marehemu. Hadi chai inafika, kila mwanamume katika kilio kile cha mtaa wa Katoyi alikuwa na maoni yake juu ya namna chuma kinavyokaa hewani.

Shangazi Victoire, dada mkubwa wa Henri, ndiye aliyesema neno lililowanyamazisha. Alilisema kutoka ndani, bila kupaza sauti.

"Na kaburi limeshachimbwa."

Huko Butembo, ndugu walikuwa wamelichimba tangu jana, penye migomba ya babu, kwa kuwa Korongo ya Alhamisi haikuwahi kukosa. Na kwao Wanande wa ukoo ule, kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Likingoja sana huanza kutafuta mtu wake lenyewe, na halichagui.

*

Ajansi ya ndege ilikuwa chumba kimoja huko Birere, kati ya duka la simu na duka la vitenge. Kaswera alipofika na mwanawe Cédrick, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na wenye moto, pikipiki za abiria, walikuwa wakipiga honi bure. Cédrick alikuwa na miaka ishirini, mrefu kama baba yake, na alikuwa amevaa koti la baba yake ingawa jua lilikuwa kali. Alimfungulia mama yake njia kwa bega.

Nyuma ya meza alisimama Bagalwa, kijana wa shati jeupe ambaye hadi jana kazi yake ilikuwa kupima watu na mizigo yao kwenye mizani na kuwaambia wapunguze. Sasa alikuwa amebaki peke yake. Patron, mwenye kampuni, hakushika simu. Mbele ya Bagalwa kulikuwa na rundo la katoni zenye matundu, na ndani ya katoni vifaranga vilikuwa vikilia kwa sauti moja kama mvua juu ya mabati.

"Hivi vinakula, Papa!" mwenye vifaranga alikuwa akifoka. Alikuwa Munande mnene, kofia mkononi. "Vinakula na kunywa, na havilipi loyer ya nyumba! Mutavilea nyinyi?"

"Papa, amri imetoka juu."

"Juu wapi? Juu hakuna kitu leo, umesema mwenyewe!"

Watu walicheka, na Bagalwa naye akacheka kidogo, uso wake umechoka. Halafu akaeleza tena, kwa maneno ambayo ilionekana ameyarudia tangu asubuhi. Wenye biye watahamishiwa kwenye ndege za kampuni nyingine, kidogo kidogo, na wataongeza pesa, kwa sababu wale wa kampuni nyingine walipandisha bei mara tu redio iliponyamaza. Wasiotaka kuongeza watangoja. Kurudishiwa pesa, hilo hakulijua. Mwisho kabisa itakuja mizigo.

"Na miye niko upande gani?" akauliza Kaswera.

"Mama ana biye ya namna gani?"

Aliitoa ndani ya Biblia. Bagalwa aliisoma, akaisoma tena, akashusha sauti.

"Hii ni freti, mama. Mizigo."

"Huyu ni mume wangu."

"Najua, mama. Pole sana. Lakini kwa karatasi ni freti. Inakuja nyuma ya abiria."

Cédrick aliweka mkono wake juu ya meza, ngumi imefungwa. Mwenye vifaranga alikuwa ameshaelewa. Alisogeza katoni zake kwa mguu, akarudi nyuma.

"Huyu mama apite mbele yangu," akasema.

"Mbele ya kwenda wapi, Papa?" akajibu Bagalwa. "Hakuna safari."

Kaswera aliuliza kuhusu ile kampuni nyingine. Kama atauza baiskeli ya Henri na viatu vilivyobaki, labda bei yao mpya ataiweza. Bagalwa alitikisa kichwa. Tatizo halikuwa bei tu. Ndege zao ni ndogo, mlango wake mwembamba, na mara baada ya mlango kuna kona. Sanduku la maiti haliwezi kukata ile kona.

"Sasa mutu munene anaingia namna gani?"

"Mutu anajikunjaka, mama."

Kisha Kaswera akauliza swali ambalo siku nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza Bagalwa, kwa sababu kila mtu alikuwa ameuliza habari ya pesa zake.

"Ndege yenu iko na nini?"

"Ya kwetu? Haina kitu. Ya kwetu haijaanguka hata siku moja."

"Basi juu ya nini wameifunga, kama ni nzima?"

Henri alikuwa akisema kwamba mke wake akifika mbinguni atamuuliza Petro ufunguo umetengenezwa wapi. "Kusema kweli, mama," akasema kijana, "mimi sijui vizuri. Napimaka tu. Lakini saa ya kula naenda uwanjani. Ukitaka kuiona, twende."

*

Waliingia kwa mlango wa mizigo, Bagalwa akimwambia mlinzi kwamba ni mambo ya sanduku. Korongo ilikuwa imesimama pembeni juu ya lami, kamba zimefungwa kwenye mabawa kama ng'ombe wa sokoni. Kaswera alikuwa amezoea kuziona zikipita juu ya mabati ya Katoyi, ndogo kuliko mkono. Sasa alishangaa kwamba ilikuwa na misumari, rangi iliyobanduka, na alama za vidole karibu na mlango, kama gari lolote.

Fundi mmoja, Havugimana, alikuwa amelala juu ya katoni chini ya mkia. Bagalwa alipomweleza, alitoka, akajifuta mikono, akampa mama pole kwa heshima. Kisha akamwonyesha. Pale mkia unaposhikana na mwili wa ndege pana kipande cha chuma, si kirefu kuliko kiganja, kinachofanya kazi kama bawaba ya mlango. Katika ndege iliyoanguka kule mbali, kipande hicho kilikuwa na ufa.

"Na hamkuuona huo ufa?"

"Ulikuwa ndani ya chuma, mama. Jicho haliuoni."

"Sasa nyinyi munautafuta namna gani?"

"Kuna mashine. Inapiga picha ndani ya chuma, kama ile ya hospitali inapiga kifua. Hapa hatuna. Patron anasema itakuja."

"Na kwa kuona kwako weye, hii iko nzima?"

Havugimana alikitazama kile kipande. Alikigonga kwa kucha.

"Kwa kuona kwangu iko nzima," akasema. "Na ile iliyoanguka, fundi wake aliiona nzima vilevile."

Kaswera aliomba kukishika. Chuma kilikuwa na joto la jua, laini, bila alama. Aliuliza ufa unazaliwa na nini, akaambiwa ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Aliuliza kama ndege inatoa sauti kabla. Aliuliza kama rubani anajua. Cédrick alivuta upindo wa kitenge cha mama yake.

"Mama, hatukuja kusoma ufundi."

"Nyamaza, papa," akasema, kwa jina la mapenzi alilomwita tangu utotoni. "Nataka kujua kitu kinachonizuia kina sura gani."

Walikuwa wakiondoka simu ya Bagalwa ilipolia. Alikuwa patron, hatimaye. Bagalwa alisikiliza kwa muda mrefu, akisema "ndiyo, patron" na kutazama ardhi. Patron alikuwa amesoma amri upya. Amri ilikataza abiria. Freti haikutajwa, au yeye aliamua kwamba haikutajwa. Ndege imekodiwa, inalipiwa hata ikilala. Rubani mmoja amekubali. Jumamosi asubuhi Korongo itakwenda Butembo na vifaranga, dawa, fromage, na mizigo yote iliyoozesha mioyo ya wenyewe. Na kuanzia Jumatatu, Bagalwa na wapimaji wenzake wakae nyumbani bila mshahara mpaka waitwe.

Hilo la mwisho Bagalwa hakulisema kwa mama mara moja. Kwanza alisema, "Sanduku litaenda, mama. Jumamosi."

"Na mwenye kumusindikiza?"

"Abiria hapana." Alimtazama Cédrick, mabega yake. "Lakini tunaweza kumwandika mubebaji wa mizigo. Wabebaji wanaruhusiwa. Yeye anaweza."

"Naenda," akasema Cédrick hapohapo.

Havugimana alikuwa amerudi chini ya mkia.

*

Kwa ukoo wa Henri, mfu hasafiri peke yake. Mtu wa damu yake hukaa kando ya sanduku na kumwambia kila wanapopita: sasa tunaacha mji, sasa tunavuka mto, sasa tunapanda. Asipoambiwa, roho hubaki nyuma ikiuliza njia kwa watu wasioijua. Mke si damu. Kaswera alikuwa amejitolea kabla hata hawajafika nyumbani, na Shangazi Victoire alikuwa amemkatalia kabla hajamaliza kuvua viatu.

Jioni ile simu iliwekwa katikati ya mkeka, sauti wazi, na watu wa kilio wakasogea. Upande wa pili, Butembo, alikuwa Gauthier, kaka mkubwa wa Henri.

"Shemeji," akasema, "hapa wazee wanakaa macho kando ya shimo. Tumefunika kwa mabati, lakini mabati si mtu. Nimefurahi kusikia kwamba Jumamosi munakuja."

"Bado sijasema, Papa Gauthier."

"Namna gani hujasema?"

"Ile ndege ilikatazwa. Niliiona. Fundi mwenyewe hajui kama ni nzima."

"Ndege zote zinaangukaka, shemeji. Hata ile ya kwanza kabisa ya dunia ilianguka. Tungengoja isiyoanguka tungekuwa bado tunatembea kwa miguu."

"Basi kuja umuchukue weye."

"Nije namna gani, na unajua ndege zimefungwa?"

Mzee wa moteur za plastiki alikohoa sana, mkono mdomoni, na jirani yake akamkanyaga mguu.

"Tumsafirishe peke yake," akasema Kaswera. "Henri hana tena cha kuogopa. Nyinyi mumupokee."

"Mfu anayefika bila mutu ni mzigo wa kuokota," akajibu Gauthier. "Hapana. Kwetu hapana."

"Shangazi Victoire ni damu yake."

Nyuso ziligeuka. Shangazi, aliyekuwa ameilinda desturi tangu asubuhi, alishika miguu yake kwa mikono miwili.

"Na magoti haya?"

"Ndege haipandwi kwa magoti, shangazi. Kuna ngazi."

"Banasema wabebaji tu! Miye nitabeba nini, kwa umri huu?"

"Ulibeba maneno tangu jana," akasema mwanamke mmoja nyuma, Niyigena, jirani aliyetoka Rutshuru, aliyekuwa akipakua maharagwe, na akainama tena juu ya sufuria kana kwamba si yeye.

Cédrick alisimama. Sauti yake ilikatika kidogo alipoanza.

"Tunabishana nini? Miye niko. Nimesema naenda. Ndege moja ilianguka kwa watu hatuwajui, na sisi tumutupe papa kwenye mawe ya hapa, kama mutu hana kwao?"

"Mwanangu amesema neno la kiume," simu ikasema. Kisha ikapunguza ukali, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. "Shemeji, sikiliza. Sipendi kusema mbele ya watu. Mutoto ambaye baba yake hakulala hapa, siku ya kugawa shamba ataulizwa anatoka wapi. Si miye nitauliza. Lakini miye sitaishi siku zote."

Kila mtu pale alijua ni kweli. Cédrick alijua. Alimtazama mama yake bila kupepesa, na kwa mara ya kwanza tangu kifo, Kaswera aliona kwamba mwanawe alikuwa anaogopa, na kwamba angepanda hivyohivyo.

Gauthier akasema "Allô?"

"Niko hapa," akasema Kaswera. "Nimeuliza fundi, hajui. Mwenye kupima hajui. Patron anajua tu kwamba ndege inalala na yeye analipa. Weye hujui, Papa Gauthier. Miye sijui. Henri nimeshamupoteza, hilo najua. Huyu siwezi kumuweka ndani ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu anakijua, ili aende kumuonyesha njia mutu ambaye ameshafika." Akavuta pumzi. "Zikeni mgomba."

Wanawake waliguna. Kwao, mtu asiyeweza kurudi huzikiwa shina la mgomba lililofungwa nguo yake, na kaburi hufungwa.

"Unajua maana yake," akasema Gauthier polepole. "Tukizika mgomba, tumemuzika yeye. Hata Korongo zikirudi kesho, shimo halifunguliwi. Na mutoto wako atabaki na baba wa mgomba."

"Najua."

"Cédrick amekubali?"

Cédrick alikuwa ameshatoka nje.

*

Walimzika Jumamosi. Ardhi ya Goma ni mawe meusi ya volkano, na wachimbaji huko makaburini hawatumii majembe bali sururu na vyuma. Walikuwa wamepiga tangu alfajiri na bado shimo lilikuwa fupi kuliko linavyotakiwa. Msimamizi wao alieleza, akiona aibu, kwamba hapo chini ni jiwe moja tupu, na kwamba wengine huongeza pesa ili liendelee kupigwa. Kaswera aliuliza jiwe hilo lina unene gani. Hakuna aliyejua. Alisema inatosha.

Henri alishushwa, na badala ya udongo wakaanza kumfunika kwa mawe, moja moja, kwa mikono, kwa sababu yakimwagwa yangevunja sanduku. Mukatekista, mwalimu wa dini, alikuwa bado anasoma sala sauti ya moteur iliposikika kutoka upande wa uwanja. Hakuna aliyetaka kuinua kichwa, na wote wakainua. Korongo ilipita juu yao ikipanda, miguu yake ikining'inia bado, ikageuka kaskazini juu ya Kibumba, ikawa nukta, ikaingia mawinguni. Mukatekista alingoja sauti iishe ndipo akaendelea.

Simu ya Gauthier ilikuja watu walipokuwa wakinawa mikono. Mgomba ulikuwa umezikwa vizuri, na shati jeupe ambalo Henri aliliacha huko zamani. Wazee walikuwa wamekwenda kulala. Halafu, baada ya kusitasita, akaongeza kwamba amepita uwanjani kumpokea mtu mwenye dawa. Ndege ilikuwa imefika. Ilikuwa imetua kama unyoya.

"Namshukuru Mungu," akasema Kaswera. "Kulikuwa mubebaji ndani?"

"Kulikuwa kijana mmoja."

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake."

Cédrick alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama na maji yakidondoka kwenye vidole, koti la baba yake limejaa vumbi jeusi.

"Ingefika," akasema. "Ningefika naye."

"Ungefika."

"Sasa tungekuwa tunamuzika kwao."

"Ndiyo, papa."

Alingoja mama yake aseme zaidi, ajitetee, amlaumu mtu. Kaswera alikung'uta vumbi kwenye kitenge chake. Walipanda moto mbili hadi Katoyi, Cédrick mbele, na hakugeuka nyuma.

Nyumbani, mwenye kukodisha turubai alikuwa ameshafika kulichukua. Viti vilikuwa vinahesabiwa. Shangazi Victoire alikuwa amelala ndani, uso ukutani, na Niyigena alikuwa akikwangua sufuria. Bagalwa alikuwa amekuja, bila shati jeupe, na kukaa kidogo kwenye ubao kama mtu yeyote wa kilio. Alipoulizwa kazi yake alisema amepewa likizo, na hakuna aliyemuuliza likizo ya namna gani. Alipoondoka, Kaswera alivuta kigoda kizingitini, akanyoosha miguu.

Cédrick alikuja akakaa chini, si karibu sana. Aliokota kijiwe cheusi, akakigeuza, akakitupa. Kwenye njia wapita njia walitoa pole na kuendelea.

"Mama."

"Eh."

"Ule ufa. Fundi alisema uko fasi gani ya mkia?"

Kaswera alimtazama. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akaukunja kidogo kwenye kifundo kama bawaba, na kwa kidole cha mkono wa kulia akagusa mahali penye mshipa.

"Hapa," akasema. "Lakini kwa ndani."